Mawese Yangu si Dawa

Mtu akija ninapokamulia mafuta, hapa Mwandiga, akaniuliza bei, namjibu. Akiniuliza mafuta haya yanatibu nini, namwonyesha njia aliyojia. Wapo wanaosema mimi ni mkali. Kweli ni mkali, na ukali huo ndio ulioezeka nyumba ninayolala. Lakini swali hilo lina sababu ya kunikera, na kwa kuwa wengi wamenisema vibaya kwa ajili yake, sasa nami nitasema.

Mawese ni chakula. Unaangusha mkungu wa chikichi ulioiva, unaupasua kwa shoka, unauacha utulie hadi chikichi ziachie, unazichemsha kwenye pipa, unazitia kwenye mtambo wa kuzungusha kwa mkono, kisha unarudisha majimaji yake motoni na kuengua mafuta yanayopanda juu. Moto ukizidi, wekundu unakimbia na mafuta yananuka kama yaliyokwisha kukaangiwa samaki. Moto ukipungua, maji yanabaki ndani na mafuta yanachacha. Kokwa zinazobaki, ambazo sisi tunaziita mise, nazo zina mafuta yake, ya sabuni na ya kumpaka mtoto mchanga. Kazi hii niliianza mume wangu alipovuka ziwa kwenda kutafuta maisha, akaniachia watoto na sufuria. Maisha ameyapata, nasikia. Mimi nilipata chikichi. Sina chuo nilichosomea. Shule niliishia darasa la tatu, na nilichotoka nacho huko ni hiki ninachokitumia sasa, kusoma na kuandika. Nyumba, shamba la michikichi na mtambo, vyote nilivipata kwa mgongo huu, na hakuna mtu nitakayemwinamia kwa ajili hiyo.

Dada yangu mkubwa anakaa Ilagala. Amekaa huko tangu alipoolewa, akianika dagaa na kuwauza, na dagaa hao ndio waliomsomesha mwanawe wa pekee. Kijana alisoma. Baada ya shule akaenda kusomea mambo ya lishe, kozi fupi, akarudi na koti jeupe. Alifungua duka pale Mwanga mjini, katikati ya mafundi cherehani, akapanga rafu za chupa na makopo: unga wa mlonge, maua ya choya yaliyokaushwa, kokwa la parachichi lililosagwa, maganda ya komamanga, kitunguu saumu ndani ya asali. Mama yake akaanza kumwita daktari. Watu wa Ilagala nao wakamwita daktari, kwa kuwa mama yake alikuwa hamjibu mtu aliyemwita mwanawe kwa jina.

Mimi ananiita mama mdogo, kama inavyopasa. Alianza kuja Mwandiga kununua mawese kwa madumu, na kila akija alikuwa na hotuba.

"Mama mdogo, mwili wa binadamu unashika kutu kama bati," aliniambia siku moja, akiwa amesimama mbali na moto ili koti lisichafuke. "Hewa hii hii unayovuta inakushikisha kutu. Sasa huu wekundu wa mawese ni antioksidanti. Unazuia kutu ile."

"Basi nipake magotini, maana yameshaanza kulia."

"Hupaki. Unakunywa."

"Nimeyala tangu nilipoota meno, na magoti yanalia."

"Kwa sababu unayala ovyo. Hakuna kipimo."

Nilimcheka, naye akacheka. Wakati huo sikuwa na ubaya naye. Akatoa simu akanipiga picha pale pale, nikiwa na jasho, kanga imefungwa kiunoni, mkono kwenye mpini wa mtambo. Akasema anataka kumwonyesha mama yake jinsi mdogo wake asivyozeeka.

Nisieleweke vibaya. Sikatai kwamba mti una nguvu. Tumbo la kuhara nimelizuia kwa majani ya mpera tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Mwarobaini nimeunywa, uchungu wake bado naukumbuka ulimini. Lakini dawa niliyokua nikiijua ilikuwa na masharti. Ulichimbiwa mzizi ukaambiwa usile hiki, usinywe kile, usimpe mwingine, ukimaliza usirudie. Aliyekupa aliuogopa, nawe ukauogopa. Chupa za mwana wa dada yangu hazikuogopwa na mtu. Ziliandikwa hazina madhara: anywe mtoto, anywe mjamzito, anywe mzee, kabla ya kula au baada ya kula, upendavyo. Nilimwambia kisu kisichoweza kumkata mtu hakikati hata nyama. Akasema mama mdogo una maneno. Akapakia madumu yake akaenda.

Kisha ikaja siku ya soko. Nilikuwa Mwanga natafuta chekecheo jipya, mwanamke mmoja muuza nyanya akaanza kunitazama usoni bila kupepesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyanya sitaki."

"Sikuuzii. Nauliza tu, samahani. Wewe si ndiye wa kwenye chupa?"

"Chupa gani?"

Akainama chini ya meza yake, akatoa chupa. Sura yangu ilikuwa juu yake, na jasho langu, na kanga yangu. Juu ya kichwa changu waliandika Mafuta Tiba ya Bibi. Chini wakapanga magonjwa: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, saratani, kukosa uzazi. Nguvu za kiume ziliwekwa kando, karibu na shavu langu.

"Bibi, hapa wameandika vijiko vitatu," akasema yule mwanamke kwa heshima, kama mtu aliyempata mganga bila kupanga foleni. "Mimi natia kikombe kizima. Kuna ubaya?"

"Unaumwa nini?"

"Presha."

"Hospitali walikupa nini?"

"Walinipa vidonge, lakini tangu nianze haya naona..."

"Kanywe vidonge vyako. Haya ukaangie hizo nyanya."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa na shehe wake. Nilifungua chupa nikanusa. Mawese yalikuwa yangu, nayajua kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu, ila yametiwa karafuu na tangawizi hadi yakanuka pilau. Sikununua chekecheo. Nilikwenda dukani nikiwa na chupa ile mkononi, na mwenye chupa, yule muuza nyanya, sijui hata kama nilimuaga.

Kijana alikuwa ndani ya koti lake, na mteja mmoja, mwanamume wa makamo, ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo mama mdogo. Karibu kiti."

"Sikai. Huyu ni nani?"

Niliweka chupa mezani. Akaitazama, akatazama mlango.

"Ni wewe."

"Mimi nimemtibu nani saratani?"

"Twende huku nyuma tuzungumze."

"Nyuma nifuate nini, na sura umeiweka mbele? Niambie hapa. Nimemtibu nani?"

"Mama mdogo, hayo ni maneno ya biashara. Kila mtu anaandika hivyo. Usipoandika, hununuliwi."

"Mimi nimeuza mafuta kabla hujazaliwa, na sijaandika kitu kwenye dumu."

"Ndiyo maana mpaka leo uko Mwandiga."

Yule mteja akacheka. Nilimtazama hadi akakumbuka kwamba alikuwa na safari, akaondoka. Tukabaki wawili, na kijana akaona amevuka mpaka, maana sauti yake ikashuka. Akaanza kunibembeleza. Akasema picha ataibadilisha. Akasema sikupaswa kukasirika, nilipaswa kuona fahari, watu wa Kasulu na Uvinza wanaagiza. Kisha, kwa kudhani ananituliza, akasema neno lililoniondolea hata hamu ya kumtukana.

"Hata mama anayatumia. Tangu chupa za kwanza. Anasema mwili umekuwa mwepesi."

Dada yangu ana kisukari. Vidonge alipewa zamani, na alikuwa akivimeza vizuri.

"Na vidonge vyake?"

Akaanza kupanga upya makopo ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

"Sijamwuliza."

"Wewe daktari hujamwuliza?"

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la Ilagala.

Nilimkuta dada ameketi kibarazani, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, umeviringishwa kipande cha kanga. Nzi walikuwa wanautaka. Dirishani nyuma yake chupa zilikuwa zimepangwa mstari, na katika kila moja nilikuwa mimi, natoka jasho. Nadhani hakuna kitu kilichowahi kunichukiza hivyo.

"Mwakeye, tabibu," akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, akicheka. "Umekuja kumwona mgonjwa wako?"

"Mguu una nini?"

"Nilijikwaa kwenye mawe nikienda ziwani. Ni sumu inatoka. Mwanangu alinieleza, mtu akianza kuyatumia, sumu hutoka kwanza, ndipo mwili unasafika."

Nilifungua ile kanga bila kumwomba ruhusa. Kidole cha pili kilikuwa cheusi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokwisha kufa. Yeye hakusikia maumivu nilipokigusa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko weusi.

"Vidonge viko wapi?"

"Vipo. Haviendi popote."

"Unavimeza?"

"Mdogo wangu, vile ni kemikali. Vinaharibu figo, mtu yeyote anajua. Wewe unayekamua ndiye usiyejua kwamba mawese yanakata sumu? Umesahau yule mtoto wa jirani aliyekula muhogo mchungu?"

"Alipewa mawese akatapika. Kilichomponya ni kutapika."

"Alipona au hakupona?"

"Dada, mafuta haya nayatengeneza mimi. Naanza na shoka, naishia na mwiko. Ninajua kilichomo. Hakuna kinachoshusha sukari."

Akanitazama sana. Nilidhani limeingia. Kumbe alikuwa anatafuta pa kunipiga.

"Unayakana mafuta yako mwenyewe," akasema polepole. "Unajua kwa nini? Kwa sababu aliyeyapa jina ni mwanangu. Tangu tukiwa wadogo hukupenda mwenzako apate. Wa kwako wako Dar es Salaam, hata simu hawapigi. Wangu amekuwa daktari, na hajakusahau, amekuweka na wewe kwenye chupa. Badala ya kushukuru umekuja kunifunua kidonda mbele ya majirani."

Hayo ndiyo maneno ya dada yangu, na sitayapunguza makali. Kuhusu simu alisema kweli. Ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa fupi: mwanao ni mwongo. Nililizuia nyuma ya meno. Mwanamke huyu aliinama juani juu ya dagaa hadi mgongo ukakataa kunyooka, ili apate kitu kimoja tu cha kujivunia. Ningemwambia kile kitu ni uongo, angenifukuza pale kibarazani, angeendelea kunywa chupa zake kwa kunikomoa, na mguu ungeoza akiwa na heshima yake yote. Tumetoka tumbo moja. Ningefanya hivyo hivyo.

Nikaenda nyuma ya jiko nikampigia kijana simu.

"Mwambie mama yako kwamba uliyoandika ni uongo."

"Si uongo, mama mdogo. Ni kusaidia mwili, si kwamba..."

"Kidole kimekuwa cheusi."

"Cheusi kiasi gani?"

"Kama sufuria ya jiko la nje."

Nilimsikia akipumua. Antioksidanti zote zilikuwa zimemwisha.

"Nikimwambia atanidharau," akasema.

"Akifa hatakudharau."

"Nampigia sasa hivi."

Alimpigia, hilo sitamnyima. Nilisimama pembeni nikamsikia dada akiitikia: ndiyo mwanangu, ndiyo, natumia, usiwe na wasiwasi, ndiyo. Akakata simu akaniangalia kwa ushindi.

"Daktari amesema niendelee na mafuta. Na vidonge pia, nikipenda."

Nikipenda. Huyo ndiye aliyesomeshwa kwa dagaa. Aliogopa aibu yake kuliko mguu wa mama yake, akatafuta neno lenye milango miwili ili atokee popote. Nimelea watoto peke yangu na kuzungusha mtambo kwa mikono, sijawahi kuona uvivu unaofanana na huo.

Nililala kwa dada. Siku ya pili mchana, jirani yake, mama mmoja mpole aliyekuwa akimsaidia kupika, alileta ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sombe ilikuwa imepikwa sawasawa, mawese yameelea juu, mekundu. Dada akanawa, akanisogezea bakuli. Akamega tonge. Nami nikamshika mkono.

"Wewe usile."

"Kwa nini?"

"Una dawa ndani ya nyumba, na unakula mawese? Umemsahau mama?"

Nitaeleza. Mama yetu aliwahi kusumbuliwa na chango baada ya kujifungua, akachimbiwa mizizi na mganga mmoja wa ng'ambo ya mto Malagarasi. Sharti lilikuwa mawese yasiingie mdomoni mwake mpaka dawa iishe, kwa sababu mawese yanakata dawa. Mama hakutaka kupika vyungu viwili, basi nyumba nzima ikaacha. Tulikula dagaa wa kuchemsha na chumvi, na maharage makavu kama kokoto. Tulilia. Dada alilia kuliko mimi, kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa na alijua anakosa nini. Hayo si ya kutunga. Yalikuwa.

Dada akabaki na tonge mkononi.

"Ile ilikuwa mizizi," akasema.

"Dawa ni dawa. Mafuta hayana macho. Yakikuta kitu kigeni tumboni yanakikata. Yatajuaje kwamba hii ni sumu ya muhogo na hii ni ya hospitali?"

Kama kweli tumbo linafanya kazi hivyo, sijui. Nilikuwa na dada mmoja na mguu mmoja mbele yangu, nikasema kilichoweza kupita.

Ugali ukaanza kupoa. Yule jirani akajifanya anatafuta chumvi asiondoke.

"Kwa hiyo," dada akasema, "vile vidonge nilivyokuwa nameza mwanzoni, pamoja na mafuta, ndiyo maana sukari haikushuka."

"Vilikatwa."

"Na mwanangu hakulijua sharti hili."

"Angelijulia wapi? Wanasomea mjini. Masharti yalibaki kwa kina mama."

"Kwa hiyo mafuta yake hayana ubaya."

Nilijua anataka nini. Alitaka nilitamke mimi, mbele ya jirani.

"Ni makali mno," nikasema. "Hakuna dawa inayoyaweza."

Maneno hayo yalinipita kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Lakini dada aliweka tonge chini, akanawa mkono, akamwambia jirani yake kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Unasikia? Mafuta ya mwanangu yamekata dawa za hospitali. Niletee dagaa wasio na mafuta." Jioni alimeza kidonge mbele yangu. Na chupa za dirishani alizigawa, akimpa kila jirani maonyo kwamba asiyanywe akiwa na dawa nyingine mwilini. Mmoja alilainishia bawaba za mlango. Sura yangu imetumika kwa kazi nyingi.

Mtu aliyekwisha kumeza kidonge hana sababu ya kuikataa hospitali, na kesho yake nikampeleka. Tulipofika hospitali mjini, aliyetupokea alikuwa daktari kijana, binti, kwa lafudhi yake nadhani ametokea Mbeya au karibu na huko. Alikifungua kidonda, uso wake ukawa mzito.

"Bibi, ulikuwa unatumia nini?"

"Mafuta ya huyu," dada akasema, akininyooshea kidole kana kwamba nimekamatwa. "Yana nguvu sana. Yalikata vidonge vyenu."

"Mawese? Bibi, mawese hayawezi kukata..."

"Mwanangu," nikamkatiza yule binti, "mwandikie dawa. Ameshaacha mafuta. Atazimeza."

Alinitazama, kisha akamtazama dada, kisha akaandika. Sipendi wasomi wa siku hizi, lakini huyo alijua wakati wa kunyamaza. Baadaye alinikuta nje nimekaa kwenye benchi.

"Mama, lile si kweli."

"Najua."

"Mawese ni chakula kizuri kwa kiasi. Ule wekundu una kitu kinachofaa macho ya watoto. Ila si tiba ya kisukari, na wala hayazuii vidonge kufanya kazi."

"Yote hayo najua, binti yangu. Tatizo ni kwamba namjua pia dada yangu."

"Na wengine wakiamini? Wakaacha mboga yao ya mawese kwa sababu hiyo?"

"Kuacha mboga hakujaua mtu. Kuacha dawa nimeona kunavyofanya."

Hakulipenda jibu langu. Nami sikuwa nimekwenda pale kupendwa.

Walikata kile kidole, kisha na kilicho kando yake. Mguu ulibaki. Leo dada anatembea kwa fimbo, polepole, lakini ziwani anafika, na anagombana na wauza dagaa wapya kuhusu namna ya kuanika. Vidonge anavimeza. Kila akivimeza anaulizia kwanza kama kwenye chakula hakuna tone la mawese.

Na habari ameisambaza. Dada yangu akishika neno haliachi, ndivyo tulivyo. Amewaambia wanawake wa Ilagala kanisani na msikitini, kisimani na ufukweni, kwamba mafuta ya mdogo wake wa Mwandiga yanakata dawa. Nyumba yenye mgonjwa haigusi dumu langu, na nyumba isiyo na mgonjwa haipo. Wachuuzi waliokuwa wanachukua kwangu kwenda huko sasa wanachukua kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye mafuta yake hayasemwi chochote kwa kuwa hayana sifa yoyote. Ananisalimia kwa furaha siku hizi. Ningeweza kwenda Ilagala nikasimama nikaeleza ukweli wote, kwamba hayatibu na hayakati, ni kitoweo tu. Siku hiyo hiyo dada angeuliza: basi ilikuwaje sukari yangu haikushuka? Nimeamua waniseme wanavyonisema.

Kijana alinitoa kwenye chupa. Akaweka picha ya jani. Magonjwa aliyaacha vile vile, ila saratani ameifuta, sijui kwa woga au kwa kukosa nafasi. Alikuja hapa Mwandiga bila koti, akasimama karibu na moto kama watu wengine.

"Asante kwa kunisitiri, mama mdogo."

"Sikukusitiri wewe."

"Najua. Lakini mama hajui, na..."

"Siku moja utamwambia mwenyewe, akiwa hai. Mpaka hapo, mawese kanunue kwingine."

Ameshanunua kwingine. Kumwambia hajamwambia. Wanaoniambia nimsamehe kwa kuwa ni damu, nawaambia kidole nacho kilikuwa damu.

Mwezi uliopita dada alikuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu akatwe vidole. Alishuka garini na fimbo yake, akaangalia mapipa, mtambo, chikichi zilizomwagwa chini, na mimi katikati yake nimepakaa mafuta hadi viwikoni.

"Mdogo wangu," akasema hata kabla ya kuketi, "unajua mimi hapa kwako siwezi kula."

"Utakula."

Nilimtuma mtu dukani, akanunua mafuta ya alizeti ya chupa. Ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mawese hayajawahi kuingia mengine, na majirani walipoona ile chupa ya dukani ikipita uani kwangu walisimama kutazama. Nilitafuta sufuria ambayo haijawahi kugusa mawese, sikuipata, nikaazima. Nikapika maharage, nikakaanga vitunguu kwenye yale mafuta yanayofanana na maji. Dada alikaa karibu na jiko akichunga kila ninachotia.

Akala. Akatafuna kwa muda, akalitazama bakuli.

"Hayana ladha," akasema.

"Kula."

Akamega tonge jingine.